Mbwa Aliyeshukiwa Kumeza Dhahabu

Wanangu mlioajiriwa majuzi, mnaopita hapa na makoti meupe ambayo bado hayajakojolewa na ndama, hebu zimeni pikipiki mnisikilize. Kazi ya mifugo nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, nikianzia kwetu Ushirombo, kisha Masumbwe, na siku nyingine hadi Bugarama nikiitwa. Kote huko waliniita Dokta, ingawa nilichonacho ni stashahada tu. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha watu. Baadaye nikaacha. Mtu ambaye ng'ombe wake amekwama kuzaa hana muda wa kusikiliza habari za vyeti.

Maisha yangu yote yamekuwa ng'ombe: kuogesha, kuchanja, kukimbizwa. Lakini nikitoka kanisani Jumapili mkanizunguka, hakuna anayeniomba kisa cha ng'ombe. Mnataka kile cha mbwa. Basi leo nakiandika chote, pamoja na ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa huo utawafikia tu, na watu watawapigia simu kama nilivyopigiwa mimi.

Simu ilikuja asubuhi nikinywa uji.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Hujambo Shija?"

"Sijambo. Njoo na kisu."

"Kisu cha nini?"

"Cha kumpasua mbwa. Amemeza dhahabu yangu."

Huyo ni Bosi Shija. Alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kwenye kilima cha wachimbaji wadogo nje ya Masumbwe. Chini ya kilima ndiko kwenye mwalo, mahali wanaposaga mawe na kuosha unga wake kwenye makarai mpaka dhahabu ibaki. Shija alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye hasira za haraka na sauti ya kushindana na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mara nyingi karasha ndiyo iliyoshindwa.

Nilifika nikakuta mwalo wote umesimama. Watu kama hamsini wamezunguka stoo ya mabati, na Bosi Shija yuko mlangoni anagonga kwa ngumi. Ndani kulikuwa na Mama Milembe, mama lishe wa pale. Alikuwa amejifungia na mbwa, akaweka gunia la mahindi nyuma ya mlango.

"Huyu mbwa nimemlea kwa ukoko wa sufuria zangu!" alikuwa anapiga kelele. "Mkitaka kumpasua, anzeni na mimi!"

Nikasogea. "Mama Milembe, ni mimi, mama wa mifugo. Fungua nimwone. Anaitwa nani huyo mbwa?"

"Shauri Yako!"

"Mama, nimekuja kukusaidia. Usinijibu hivyo."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja wa karasha alicheka mpaka akakaa chini. Bosi Shija, hasira zote hizo, akageuka kunieleza kwa upole: "Dokta, ndilo jina lake. Anaitwa Shauri Yako."

Mlango ulipofunguliwa nilimwona. Mbwa mwekundu, sikio moja limekatika, mkia unapiga magunia kama mtu anayetwanga. Macho safi, pua ina unyevu. Akanitazama kwa furaha, akanyoosha shingo, na ndipo ikatoka: *hongk! hongk! hongk!* Kikohozi kikavu, kizito, mfano wa bata anayegombana. Akamalizia kwa kukwama, akatapika povu jeupe kidogo, akameza mate, akatikisa mkia tena.

"Umesikia?" Shija akanguruma. "Iko hapo hapo kooni! Inataka kutoka!"

Wakanieleza yaliyotokea. Siku iliyotangulia Shija alichoma dhahabu yake kuondoa zebaki, ikabaki kidonge cha ukubwa wa punje ya mahindi. Akakifunga kwenye karatasi ya sigara, akakiweka mezani karibu na sahani ya nyama. Akageuka kuongea na broka, mnunuzi wa dhahabu. Alipogeuka tena, kidonge hakipo, na Shauri Yako yuko chini ya meza anakohoa. Tangu hapo walikuwa wamemnywesha mayai mabichi, kisha maji ya chumvi, kisha vijana wawili wakamshika miguu ya nyuma wakamning'iniza kama nguo. Hakikutoka kitu zaidi ya kikohozi.

Nawaambia ukweli, mkono wangu ulikuwa unawasha. Ukimsikia mbwa akikohoa hivyo, kila kitu mwilini mwako kinakwambia ana mfupa kooni, ingiza mkono uutoe. Msiingize! Mimi niliingiza, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mbwa wa mkulima mmoja Ushirombo alikuwa anakohoa hivyo hivyo, nami kwa ujasiri wa chuoni nikapeleka vidole vitatu mpaka nyuma ya ulimi. Sikukuta mfupa. Nilikuta meno. Na kwa kuwa mbwa hajawahi kuchanjwa, nilikwenda kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa siku baada ya siku, huku mbwa mwenyewe, mzima kabisa, akinisindikiza kila asubuhi hadi njia panda.

Aliyekuwa akinifundisha kazi wakati huo ni Mzee Ng'wandu, bwana mifugo wa zamani, mtu mkavu kama fimbo. Alinitazama vidole vilivyofungwa bandeji akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, umemchungulia koo. Umeuliza amelala na nani?"

"Mbwa, mzee?"

"Mbwa. Wiki iliyopita alikuwa wapi, alikuwa na wenzake gani, na wao wanakohoa?"

Sikuwa nimeuliza. Ilikuja kujulikana alitoka kwenye msiba ambako mbwa wa ukoo mzima walikusanyika, na nusu yao walirudi makwao wakikohoa. Ndivyo nilivyojifunza habari ya kikohozi cha banda. Kinaitwa hivyo kwa sababu kinapenda mahali mbwa wengi wanapobanana na kupumuliana. Wanaokileta ni virusi na bakteria, mara nyingi kwa kushirikiana, na wanavimbisha bomba la hewa. Mbwa anahisi kama ana kitu kooni, kumbe hana kitu. Mwenye afya anaendelea kula, kucheza na kukusumbua, na mara nyingi anapona mwenyewe baada ya wiki mbili au tatu.

Kwa hiyo pale stoo nilichuchumaa, nikamshika Shauri Yako kwa nje tu, nikabonyeza koromeo polepole kwa vidole viwili. *Hongk!* Papo hapo. Nikapima joto, la kawaida. Nikaomba ugali na mchuzi. Alikula mpaka akalamba sufuria. Mbwa aliyekwamwa na kitu kooni hali hivyo, na mwenye kichaa kwa kawaida hawezi hata kumeza mate yake.

"Shija," nikauliza, "wiki iliyopita huyu mbwa alikuwa wapi?"

"Alikuwa masomoni."

"Masomoni?"

"Nilimpeleka kwa jamaa mmoja kule Bugarama anafundisha mbwa ulinzi. Amerudi ana siku nne. Amefeli."

"Walikuwa wangapi huko?"

"Wengi. Kama kumi na tano, banda moja."

"Na walikuwa wanakohoa?"

Bosi Shija akamtazama mbwa wake upya. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Nilidhani ndiyo mazoezi ya kubweka."

Nikamwambia simpasui. Nikamweleza ugonjwa, nikamwambia ndani ya siku chache mbwa wengine wa mwalo nao watakohoa, na hapo ataamini. Akafikiri, akatazama tumbo la mbwa kwa uchungu. "Sawa, Dokta. Hupasui. Lakini kilichoingia lazima kitoke. Nitasubiri."

Mnaelewa alichomaanisha? Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Bosi Shija, mwenye duara na vijana ishirini chini yake, alichukua kinyesi cha Shauri Yako, akakitia kwenye karai, akakiosha. Mwenyewe! Hakumwamini mtu. Alichuchumaa pale mwaloni na koti lake la suti, akizungusha karai kwa ustadi wote wa miaka yake, watu wakijifanya hawamtazami. Kisha ananitumia picha kwenye simu, karai tupu, na maneno mawili: "Leo hapana." Nilikuwa nazipokea nikiwa kwenye majosho, kwenye vikao, mara moja nikiwa kwenye foleni ya kutoa sadaka.

Mimi nilimwachia Mama Milembe maagizo. Mbwa akae peke yake stoo, mbali na vumbi la karasha na moshi wa jiko, mlango uachwe wazi apate hewa. Kamba isimguse shingo, maana ikibana koromeo kikohozi kinaamka upya. Nikamtengenezea mkanda wa kifuani kwa kipande cha kanga. Chakula laini, maji safi, asali kijiko kimoja, ambayo haiponyeshi ila inalainisha koo. Asikimbizwe. Asipewe dawa za kikohozi za binadamu, kwa sababu nyingine ni sumu kwake. Niliondoka nikijiona bingwa.

Siku ya tano mbwa wa broka akakohoa. Siku ya sita wa mwenyekiti wa kitongoji. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa saba, na kilima kizima kinalia *hongk* kama kuna harusi ya bata. Nikampigia Shija simu kwa furaha: "Unaona sasa? Hawa wote wamemeza kidonge chako?"

Nilikuwa sijawajua watu wa dhahabu. Alfajiri ya kesho yake haijapita, habari imefika Bukombe kwamba mbwa wa kilima kile wanakula mbale, yale mawe yenye dhahabu nyingi, na kila anayekohoa ana mzigo tumboni. Watu wakaja! Wakaja kwa bodaboda na kwa baiskeli wakiulizia mbwa wa kikohozi. Mzee mmoja alimbadilisha mbwa wake mgonjwa kwa majogoo wawili. Mwingine alileta mbwa mzima, amenenepa vizuri, na kila mnunuzi alipogeuza uso, mwenye mbwa ndiye aliyekohoa. Alikohoa vizuri sana yule bwana. Nilipofika kuwatuliza nilimsikia kwa mbali nikasema huyu hali yake ni mbaya, lazima awe wa kwanza kutibiwa.

Nilipanda juu ya rundo la mawe, nikapaza sauti.

"Jamani! Dhahabu haiambukizi!"

Wakageuka kunitazama.

"Mtu mmoja akiwa na dhahabu mfukoni, jirani yake anaipata kwa kukaa naye?"

"Hapana!" wakajibu, wengine kwa masikitiko ya kweli.

"Basi hiki kinachopita kutoka mbwa hadi mbwa si dhahabu. Ni ugonjwa. Na mnavyowanunua na kuwasafirisha, mnaupeleka hadi Bukombe bure."

Bibi mmoja aliyeshika mkongojo akauliza, "Dokta, si kichaa? Maana povu nimeliona."

Swali zuri kuliko yote ya siku ile, nanyi mliweke kichwani. Nikamjibu kwamba mwenye kikohozi hiki anakula, anakujua, anatikisa mkia. Mwenye kichaa tabia inabadilika: mpole anakuwa mkali, au mkali anajificha gizani, mate yanatiririka, taya linalegea, miguu inayumba. Ukiwa na shaka, usimguse, ita mtaalamu. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Bibi akasema, "Wabeja, ahsante," akaondoka na mbwa wake kamfunga kamba shingoni. Nikamkimbilia kuihamishia kifuani.

Sasa nawaeleza kosa langu.

Mkutano ulipoisha Mama Milembe alinivuta kando. Hakuwa anacheka. "Dokta, njoo uwaone watoto."

Akanipeleka stoo, akaondoa magunia mawili ya nyuma. Kulikuwa na mbwa jike amelala na watoto wanne wa wiki tano. Walikuwa pale tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemtenga Shauri Yako na mbwa wote wa mwalo, nikamweka chumba kimoja na wale walio wanyonge kuliko wote, kwa sababu sikuzunguka magunia wala sikuuliza kama kuna mwingine ndani. Mimi, niliyefundishwa na Mzee Ng'wandu.

Watatu walikuwa wanakohoa kidogo. Wa nne, mdogo mwenye doa jeupe kifuani, alikuwa hakohoi kabisa. Alikuwa anahema mbio, mbavu zinaingia na kutoka, na hataki kunyonya. Hapo ugonjwa umeshuka mapafuni. Kwa mbwa mkubwa unaweza kusubiri. Kwa mtoto anayehema hivyo, mwenye homa, aliyeacha kula, hakuna kusubiri. Niliwachoma dawa za kuua bakteria, nikawahamishia chumba chenye hewa na joto, nikarudi asubuhi na jioni. Watatu waliinuka. Yule mwenye doa alikufa siku ya tatu, mchana, kwenye mapaja ya Mama Milembe, wateja wakisubiri chakula na hakuna aliyemharakisha.

Nilimwambia Mama Milembe, "Ni kosa langu, hili."

Akasema, "Mimi nilijua wapo nikanyamaza. Nilidhani daktari ameona." Tukamzika pamoja nyuma ya stoo. Tangu siku ile sijawahi kumtenga mnyama popote bila kuzunguka chumba kizima kwanza, nikainua kila gunia. Mkinicheka kwa mengine yote, hili lishikeni.

Bosi Shija, yeye, alikuwa bado anaosha. Siku ya kumi na mbili hiyo. Na koti ni lile lile. Alipoketi kusubiri chakula cha mchana, watu wa benchi lake wakahama mmoja mmoja. Mama Milembe akaja na mwiko mkononi.

"Kwa koti hilo hukai hapa."

"Nina njaa, mama."

"Vua. Nikishalifua utakula."

Akalivua kwa kunung'unika. Mama Milembe akalitumbukiza kwenye beseni, akalipiga sabuni ya mche, na alipokuwa anasugua pindo la chini, ndani ya bitana, vidole vikagusa kitu kigumu. Mfuko wa koti ulikuwa umetoboka. Akafumua nyuzi kwa meno. Karatasi ya sigara, imelowa, na ndani yake kidonge kinang'aa, ukubwa wa punje ya mahindi.

Shija alikuwa amekichukua tena mezani akakitia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajageuka kuongea na broka, akasahau. Siku kumi na mbili alichuchumaa akitafuta dhahabu kwenye kinyesi cha mbwa huku imelala kwenye pindo la koti alilovaa.

Mama Milembe aliniambia baadaye, tukiwa wawili tu: "Dokta, nilikaa nacho mkononi muda wa kuchemsha chai. Hakuna aliyeniona." Kisha akapakua ugali, akaweka maharage pembeni, na katikati kabisa ya ugali akakibandika kile kidonge. Akaupeleka mezani.

Wanasema Bosi Shija aliutazama ule ugali mpaka ukapoa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti ile ya karasha, machozi yanamtoka, na kilima chote kikacheka naye, mpaka waliokuwa chini mashimoni wakapanda kuuliza kuna nini. Alipotulia akamuuliza Mama Milembe anataka nini, aseme lolote.

"Nataka stoo yenye madirisha, mbwa wako wote wachanjwe, na umwombe radhi Shauri Yako. Mbele ya watu, kama ulivyomning'iniza mbele ya watu."

Chanjo ya kikohozi hiki niliiagiza kwa taabu, maana huku kwetu si kila duka la mifugo linayo. Nikachanja wazima, na wote nikawachoma ya kichaa pia. Madirisha yakatobolewa. Mbwa waliobaki wakapona mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa siku zake. La tatu lilisubiri nirudi kumkagua mgonjwa, wiki ya tatu.

Siku hiyo watu walikuwa wengi kuliko siku ya kisu. Shauri Yako alitolewa na mkanda wake wa kanga kifuani. Kwa muda wote ule hakuwa amebweka. Akijaribu, sauti ilikuwa inakatika ikawa kikohozi. Bosi Shija, na koti limepigwa pasi, akapiga magoti kwenye vumbi, uso kwa uso na mbwa.

"Bwana," akaanza, akakohoa kidogo kusafisha koo, na mimi nikamtazama kwa makini kwa mazoea tu. "Bwana, nilikusingizia. Nilikunywesha chumvi. Nilikushika miguu. Nisamehe."

Mbwa akamtazama. Akanyoosha shingo. Sote tukashika pumzi, maana ndivyo ilivyokuwa inaanza.

Akabweka. Mara moja, nene, safi, usoni kabisa pa Bosi Shija, ambaye alirudi kinyumenyume akakaa ndani ya beseni la maji machafu ya mwalo na koti lake na pasi yake. Mama Milembe alijifunika uso kwa upande wa kanga, akawa analia na kucheka pamoja. Na huko juu kilimani mbwa wengine wakaitikia, mmoja huku, wawili kule, sauti zao wenyewe zimerudi.

Wote isipokuwa mmoja, upande wa makambi ya juu, aliyejibu kwa *hongk*. Nikawasha pikipiki nikamfuata.